Nzi wa Chupa ya Pili

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nilipoambiwa kwamba barabara ya Kpandroma imefungwa, je, nilifurahi?

Habari ililetwa alasiri na mtu wa baiskeli aliyegeuzwa njiani na wenye bunduki. Katika uwanja wetu wa mtaa wa Bigo, mjini Bunia, wanawake walishika vichwa. Yaya, dada yangu mkubwa, alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, mtoto mgongoni. Mume wake alikuwa ameondoka siku kumi na mbili kabla, kwenda Kpandroma kutafuta maharagwe ya kuuza, na sasa alikuwa upande wa pili wa barabara isiyopitika. Nilimfungua mtoto mgongoni mwake, nikasema maneno ambayo watu husema. Lakini kifuani mwangu kitu kililegea, kama fundo la kitenge lililokazwa mno. Kililegea kwa muda wa pumzi mbili tu, halafu nikaogopa.

Usiku kucha nilikichunguza kitu hicho. Shemeji ndiye aliyenilisha tangu niliporudi kutoka Kisangani na shahada yangu ya biolojia, na hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Je, niliomba afe? Hapana. Niliomba asirudi? Hapo jibu lilikwama. Niliogopa asirudi na niliogopa arudi, na sikujua hofu ipi ilitangulia.

Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikifunga mlango, narudi mara tatu kuushika. Nikiambiwa "salama," natafuta kwa nini mtu amesema salama kwa sauti ile. Lakini hofu hii ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na umri wa miezi minne, ikinyonya.

Yaya alipomzaa yule mtoto alivuja damu mpaka godoro la kituo cha afya likatupwa. Mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alingoja mpaka Yaya akaweza kukaa, ndipo akamwambia mbele yangu:

"Mama, sikia muzuri. Huyu atembee kwanza. Ukibeba mimba ingine mbele hajatembea, damu ya kukupa sina, na gari ya kukupeleka haiko. Utanifia hapa."

Yaya akauliza habari ya sindano, ile ya kuzuia mimba. Mkunga alifungua kabati tuone wenyewe. Ndani mlikuwa na pamba na kisanduku kitupu. Ghala lilikuwa limeporwa, na hakuna aliyejua shehena nyingine ingepita wapi.

Zamani maneno ya mkunga yasingehitajika. Kwetu, mwanamke akijifungua huenda kwa mama yake. Hukaa huko, kwenye moto wa mama yake, mpaka mtoto asimame na kutembea. Mume anaweza kuja kusalimu: huketi uani, hupewa chakula, humbeba mtoto wake, na jua likianza kushuka huaga. Siku mtoto anapotembea ndipo mume huja na mbuzi, na mke hurudi naye. Hakuna anayeeleza kwa nini. Nilipokuwa chuoni nilidhani ni adabu tu ya wazee. Shemeji mwenyewe, ingawa alitoka Kivu ya Kaskazini kuja kufanya biashara kwetu, aliifuata desturi hiyo mara nne, na alipenda kusimulia jinsi mbuzi wa pili alivyomkatia kamba katika soko la kwetu Bule, akakimbizana naye kati ya mafungu ya viazi, soko zima likimshangilia mbuzi.

Safari hii mama hakuwepo. Alibaki vilimani nyuma ya Bule siku Yaya na familia yake walipokimbia, na tangu siku ile hatukupata habari zake. Niliporudi kutoka Kisangani kwa ndege ndogo niliwakuta Bunia, katika chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Upande huu nililala mimi na watoto watatu. Upande ule walilala wao wawili, na baadaye mtoto mchanga. Watoto walikuwa wanne walipotoka Bule. Mmoja, mvulana wa tatu kuzaliwa, alikufa kwa homa siku ya pili porini, akazikwa mahali ambapo baba yake anasema atapatambua.

Kwa hiyo sitamfanya Shemeji kuwa mtu mbaya. Yanayopita nyuma ya pazia la watu wawili mtu haandiki. Nitasema tu kwamba mtoto hakuwa amefikisha hata miezi mitatu nilipoanza kusikia Yaya akisema polepole, "Bado, baba ya batoto, bado," na yeye akijibu kwa jina la yule mvulana. Alitaja jina tu.

Asubuhi nilikuwa nakwenda shuleni nilikopangiwa kufundisha, ingawa hapakuwa na masomo. Madarasa yalijaa watu waliokimbia vijiji, moshi wa kupikia ukitoka madirishani. Chumba kimoja tu kilibaki kimefungwa, maabara. Prefe, yaani mkuu wa shule, aliogopa watoto wasije wakanywa asidi au kukatwa na vioo, akanipa mimi ufunguo. Humo nilifuga nzi.

Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilitega kwa maganda niliyookota sokoni, maana kuwapa nzi ndizi nzima mbele ya watu wale ningeona haya. Chakula chao nilikipika kwa uji wa mahindi, maganda yaliyopondwa na machicha ya pombe, ambayo nilipewa na bibi mmoja mtengenezaji wa pombe aliyehamia darasa la jirani. Chupa zilikuwa za jemu, zikizibwa kwa pamba. Nzi niliwahamisha kwa kuwavuta mmoja mmoja ndani ya mrija wa serumu, yaani wa dripu ya hospitali, wenye kipande cha bandeji upande wa mdomo ili nisiwameze.

Nilianza ili nisiwaze. Nzi wana utaratibu. Dume humfuata jike nyuma, hutandaza bawa moja tu na kulitetemesha, na huo ndio wimbo wake. Jike asiyetaka hukimbia, au hurusha teke kwa miguu ya nyuma. Dume hurudi. Jike hupiga tena. Dume hurudi. Chuoni tulifundishwa kwamba pamoja na mbegu dume humwachia jike maji yenye nguvu mwilini: humfanya atage upesi na mengi, na akatae madume wengine. Maji hayohayo, yakirudiwa na kurudiwa, humpunguzia jike siku za kuishi. Dume hapati hasara. Hatakuwepo kuzihesabu hizo siku. Mayai ya leo ni yake, maisha ya kesho ya jike si yake. Niliyaandika haya katika mtihani nikapata alama nzuri, na sikuwahi kuyaona kwa macho yangu.

Sasa nilitaka kuyaona. Niliandaa chupa mbili. Katika ya kwanza niliweka majike kumi pamoja na madume kumi, wakae hivyo daima. Ya pili ilikuwa ya majike kumi wasiowahi kuguswa, peke yao. Kumpata jike asiyeguswa si kazi ngumu ukifika mapema. Jioni unaondoa nzi wote wakubwa chupani, asubuhi unakusanya waliotoka usiku kabla hawajakomaa. Kwa baridi ya Bunia unakuwa na nafasi kidogo. Lakini lazima ufike asubuhi.

Asubuhi ile milio ya risasi ilianza upande wa soko kabla jua halijachomoza. Tulilala chini chumbani mpaka saa nane za mchana, watoto chini ya kitanda, Yaya akimziba mchanga mdomo kwa titi. Nilipofika maabara kila kitu kilikuwa kimepita. Katika chupa ya kukusanyia, majike na madume walikuwa pamoja, wakitembea juu ya pamba. Nilipaswa kuwamwaga na kuanza upya. Niliwatazama muda mrefu. Nikajiambia kwamba kwa baridi ile pengine bado. Nikavuta majike kumi, nikawaweka katika chupa ya pili, nikaandika kwenye karatasi: *hawajaguswa*. Mtu anayerudi mara tatu kushika mlango hakurudi hata mara moja kusoma neno lile.

Siku nne baadaye Shemeji alifunga mzigo wa kwenda Kpandroma. Alikuwa uani, akikaza kamba za magunia matupu, na kama kawaida yake na mimi akaanza utani.

"Shemeki, inzi zako ziko namna gani?"

"Ziko muzuri."

"Zinazaa?"

"Zinazaa sana."

"Basi zinakushinda weye! Miaka yote unasoma mambo ya kuzaa, na hata bwana moja haiko!"

Watoto wakacheka. Yaya pia akacheka, mkono mdomoni.

"Natafuta dume yenye haitanichosha," nikamjibu.

"Hiyo haiko. Hata mu chupa yako haiko."

Alikuwa na haki. Akavuta kamba, akafunga fundo, kisha akasema bila kunitazama, "Weye unahesabu inzi. Miye nahesabu batoto. Banatumaliza, shemeki. Siye tukiacha kuzaa, nani atabakia?"

Wanaume wote wa uwanja walisema hivyo miaka ile. Mimi nilikuwa na sentensi yangu tayari, nilikuwa nimeikariri siku tatu: *Shemeji, mkunga alisema mtoto atembee kwanza.* Lakini alikuwa amekwisha kuisikia. Yaya alimwambia siku ileile, naye akajibu kwamba bakunga hupenda kuogopesha, hata kwa wa pili walisema vile na hakuna kilichotokea. Kwa wa pili, nilitaka kumwambia, alikwenda kwa mama. Nilimpa maji ya njiani. Akaondoka.

Siku chache baada ya kuondoka kwake nilikuta funza katika chupa ya pili.

Niliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Walikuwa hai, weupe, wakipanda kioo. Jike asiyeguswa hutaga mayai machache, lakini mayai hayo hayaanguliwi. Hawa walikuwa wameguswa, wote au wengi wao, mara moja, asubuhi ile ya risasi. Kazi yangu ilikuwa imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Nililia kwa hasira, peke yangu, kwa sababu ya nzi, katika mji ambao watu walikuwa na sababu bora za kulia. Kisha nikachukua karatasi, nikafuta neno lile, na kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya nikaendelea kuwahamisha kwenye chakula kipya na kuwatazama.

Chupa ya kwanza ilianza kuchoka. Majike wake walikuwa na mabawa yaliyochanika pembeni. Walikaa chini kwenye chakula, na madume hawakuwaacha hata pale. Kila nilipofungua nilimkuta mmoja chali. Siku ile mtu wa baiskeli alipoleta habari ya barabara, walikuwa wamebaki watatu. Katika chupa ya pili alikuwa amekufa mmoja tu, naye nadhani nilimbana na pamba. Tisa walikuwa wanatembea, mabawa mazima. Na walikuwa wamezaa. Kwa kukutana mara moja walikuwa wametaga siku baada ya siku, chupa baada ya chupa, watoto wengi kiasi cha kunikosesha mahali pa kuwaweka.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipoanza kunila. Nilijiambia mwanamke si nzi. Nilijiambia nilitaka kuona kitu fulani ndiyo maana nimekiona, na chupa mbili si ushahidi wa lolote. Nilijiambia pia kwamba katika chupa ya pili hakuna jike aliyeshinda kwa mateke. Katika chupa ya kwanza walipiga mateke mpaka siku ya kufa. Wale wa pili sikuwapa nguvu yoyote zaidi ya wenzao. Niliwahamisha tu.

Juma moja baada ya barabara kufungwa nilikuwa naanua nguo kwenye kamba ya ndani. Chini ya shati la mtoto niliona vitambaa vilivyofuliwa, vya aina ambayo mwanamke hukausha vikiwa vimefichwa. Yaya alikuwa anachambua majani ya mihogo.

"Yaya. Imerudi?"

Hakuinua kichwa. "Tangu juzi."

"Na unanyonyesha!"

"Mwili haujasoma vitabu vyako."

Nilikaa karibu naye, nikachukua majani na mimi. "Akirudi, utamuambia nini?"

"Nitamuambia nini? Mutu anatoka mu barabara ya kifo, anakuja na maharagwe ya batoto, nimuambie alale inje?"

"Mukunga alisema—"

"Mukunga hakuzika mutoto. Siye njo tulizika." Vidole vyake viliendelea kuchambua, upesi sana, mpaka akawa anaweka mabua pamoja na majani. "Hata miye namutaka yule mutoto wa kuja pahali pake, unasikia? Miye pia. Kila siku naogopa na namutaka." Kisha: "Ningekuwa kwa mama, hakuna mutu angeniuliza kitu. Yeye hangeuliza, miye singejibu. Ningekuwa tu kwa mama."

Sentensi hiyo nilikwenda nayo shuleni kesho yake, na keshokutwa. Bibi wa pombe alikuwa nje ya darasa lake, akikoroga. Nikamuuliza, kana kwamba ni jambo la watu wengine, nani kwa desturi anaweza kumpokea mwanamke aliyezaa kama mama yake hayupo.

"Mama mudogo," akasema. "Unauliza kitu batoto banajua."

"Na kama mama mudogo ni kijana? Hajaolewa, hana nyumba?"

Akanitazama juu mpaka chini. Alijua. "Nani alikuuliza nyumba? Uko na mafiga?"

"Sina."

"Basi unakuja kuniuliza nini? Tafuta mawe tatu. Ukimupelekea mwanaume maneno, atakupa maneno. Akikuta moto, anakaa chini." Akachota machicha akanipa. "Kamata, ya inzi zako. Watu wanalala mu veranda na mvua, inzi ziko mu nyumba ya bati."

Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Ufunguo ule niliufunga kwenye ncha ya kitenge kila siku, nikapita nao mbele ya akina mama waliolala barazani na watoto wachanga, na sikuwahi kufikiri, mimi ninayefikiri kila kitu.

Tangu hapo nilianza kupima. Kumtoa mwanamke katika nyumba ya mume wake wakati ule, wenye bunduki walipokuwa wakiingia wanapotaka, ilikuwa hatari. Mwanaume mlangoni ni kitu. Kwa upande mwingine, shuleni watu walikuwa wengi, na wenye bunduki walipapita mara chache. Kesho ingekuwaje, sikujua. Shemeji angeweza kusema tumemkimbia. Angeweza kutafuta mwanamke mwingine. Yaya angeweza kunichukia. Na mimi nilikuwa nani? Niliorodhesha mambo haya asubuhi, nikayaorodhesha kinyume chake mchana, na barabara ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kila siku nilijipa siku moja zaidi.

Nilikwenda kwa Prefe. Nilimweleza nusu ya jambo, akaelewa lote, akakohoa kwa haya.

"Asidi nitabeba kwangu," akasema. "Lakini ukifungua ile chumba juu ya dada yako peke yake, kesho watavunja mlango, na watakuwa na haki. Ukifungua, fungua juu ya kila mama mwenye kuwa na mutoto kwa kifua."

"Ndiyo, Prefe."

"Unafungua lini?"

Nikasema nitafikiri. Akacheka, akasema kwa hilo hana wasiwasi.

Barabara ilifunguliwa Jumamosi. Kelele zilianza sokoni, malori mawili yameingia kutoka Kpandroma, watu juu ya magunia, na kabla ya saa sita jirani alikuja mbio kutuambia amemwona kwa macho yake. Yaya alipiga kigelegele. Na mimi, nikajichunguza haraka, kwa hofu, nikaona kwamba machozi yalikuwa yananitoka na yalikuwa ya furaha, furaha tupu. Alikuwa hai. Basi sikuwa nimeomba afe. Wakati huohuo niliona Yaya akipeleka mkono kwenye tumbo, akaushusha.

Sikungoja kumsalimu. Nilikwenda shuleni nusu nikitembea nusu nikikimbia. Nilifungua dirisha la maabara. Chupa ya kwanza ilikuwa tupu tangu siku nyingi: majike walikwisha kufa, madume nikawaachia. Ya pili nilitoa pamba, nikaigonga kwenye kizingiti. Walitoka wakasita juu ya ubao, saba, kisha wakaondoka. Watoto wao niliwamwaga pamoja na chakula chao nyuma ya jamvi la bibi wa pombe, kwa kuku wake. Prefe na wanaume wawili walibeba asidi na vioo. Nilifagia. Mawe niliyapata kwenye ukuta wa choo ulioanguka, nikayabeba moja moja mpaka barazani, mbele ya mlango wa maabara, nikayapanga matatu. Hayakukaa sawa. Bibi alikuja, akayasukuma kwa mguu yakakaa sawa, akaenda zake, akarudi na kaa la moto juu ya kigae.

Akina mama wawili wa barazani walikuwa wamekwisha kuingia na mikeka yao.

Nilipofika Bigo Shemeji alikuwa ameketi uani, miguu ndani ya karai la maji. Alikuwa amekonda mpaka shingo. Watoto walikuwa juu ya magunia ya maharagwe. Mchanga alikuwa mapajani mwake, akimvuta ndevu.

"Shemeki! Nilisikia inzi zililia sana juu yangu!"

"Karibu, Shemeki. Mungu ni mukubwa." Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Kisha nikapiga goti, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. "Nimekuja kuchukua Yaya. Mutoto atembee kwanza."

Yaya alikuwa mlangoni, sufuria mkononi.

"Umesema nini?" Shemeji akauliza.

"Nimemuwekea moto. Pale kwa masomo, mu laboratware. Anaenda kwa mama."

"Mama yenu haiko." Alisema polepole, bila ukali. Kisha ukali ukaja. "Nimelala mu pori siku tano. Nimeona watu... Nafika kwangu, mutoto mudogo kama weye ananipokonya bibi? Weye ni mama yake?"

Sentensi zote nilizokariri zilipotea. Mkunga, damu, kabati tupu, chupa mbili, yote. Nilibaki na moja ambayo haikuwa yangu.

"Mama mudogo ya batoto wako ni nani?"

Ni mimi. Watoto wake walikuwa wakiniita hivyo kila siku, mbele yake.

"Mafiga iko tatu, Shemeki. Moto unawaka. Ukuje kusalimu wakati unapenda, utakula. Na akitembea—"

Alimtazama Yaya. Nami nilimtazama, kwa woga, kwa maana sikuwa nimemuuliza. Katika kupima kwangu kote nilikuwa nimesahau kumuuliza. Yaya aliweka sufuria chini, akaingia ndani, akatoka na mkeka umekunjwa na kitenge cha kubebea mtoto. Alikuja akamchukua mtoto mapajani mwa mume wake, kwa upole, akimwondoa vidole kwenye ndevu kimoja kimoja.

Nilichukua mkeka kichwani. Watoto watatu walishika nguo zetu. Tulikuwa tumefika kwenye kona ya barabara niliposikia miguu yenye maji nyuma yetu. Nilijikaza, nikingoja mkono begani. Shemeji alitupita, amebeba sufuria na nusu gunia la maharagwe, suruali imekunjwa mpaka magotini, akatangulia.

"Moto bila chungu," akasema mbele huko, kwa hasira, kwa watu wote wa barabara. "Njo vile wasomi wanafanyaka."

Barazani aliona mafiga. Alisimama akayatazama, mawe ya choo, moto mdogo. Akaweka sufuria juu yake. Kisha akaketi uani, mahali ambapo mgeni huketi, mgongo kwetu. Nilipika maharagwe vibaya, yakiwa bado magumu, nikampelekea kwa mikono miwili. Alikula yote. Mtoto alilala mapajani mwake.

"Na mbuzi nitatoa wapi na vita hii?" akauliza, bila kumuuliza mtu.

"Tafuta yenye kamba nguvu," nikasema.

Hakucheka, lakini mabega yake yalitikisika kidogo. Jua lilipoanza kushuka alisimama, akampa Yaya mtoto, akaaga. Yaya hakumsindikiza, kwa sababu mwanamke aliye kwa mama yake hamsindikizi mume. Mimi nilimfikisha mpaka kwenye lango la shule, nikarudi, nikachutama mbele ya mafiga na kusukuma kuni ndani.